Maître wa Vigasha

Butembo kuna baridi ya mlimani, na asubuhi watu hawavui koti mpaka jua lipande. Yeye hakuwa na koti. Miaka yote niliyomjua pale mjini sikumwona hata mara moja amevaa shati la mikono mirefu, si kwenye misa ya alfajiri, si kwenye kilio chenye mvua. Mashati yake yote yalikatwa juu kidogo ya kiwiko. Mkewe ndiye aliyeyakata, kwa sababu hakuna kifungo kilichokubali kufungwa kwenye mikono ile. Kuanzia kiwiko hadi kiganja ilikuwa minene kama mchi wa kinu, na mishipa yake ilijitokeza hivi kwamba watoto wa jirani walipenda kuibonyeza kwa kidole, naye akiwaacha.

Tulimwita Maître, kama wanavyoitwa huku kwetu walimu wa karate na watu wote wanaofundisha kitu kwa mwili wao. Alikuwa na salle, banda la mbao na mabati kando ya barabara ya udongo, ambamo vijana walikuja kujenga mwili. Salle nyingine za mji zilijenga kifua na misuli ya juu ya mkono. Ya kwake ilijulikana kwa kigasha, ile sehemu iliyo kati ya kiwiko na kiganja, ambayo sisi wenyewe tuliiita avant-bras.

Ninaandika habari zake kwa sababu ya mkono mwingine usio wake. Mkewe, ambaye tulimwita Mama Maître, aliugua tension, yaani presha ya damu, na asubuhi moja akapooza, mkono wake wa kuume ukakataa kazi. Maître alituambia kwamba ataurudisha. Hakusema atajaribu. Alikuwa ametumia umri wake kuipa nguvu mikono ya watu wengine, wengi wao wakitaka tu kupendeza kwenye picha, na sasa ulikuwa umefika mkono mmoja uliokuwa na shida ya kweli. Kama ule ungemshinda, sijui yale maneno yake yote yangekuwa na maana gani, na nadhani yeye pia alijiuliza hivyo.

Maneno alikuwa nayo mengi. Siku niliyoingia salle kwa mara ya kwanza hakuniuliza jina.

“Leta mukono,” akasema.

Nikampa. Akanishika penye kiungo cha mkono kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua karoti sokoni.

“Hii ni mukono ama ni muti ya fagio?”

Vijana waliokuwa ndani wakacheka. Nikasema ni mkono.

“Na unafanyaka nayo nini?”

“Nauzishaka misumari, Maître. Mu boutique ya baba mudogo.”

“Donc unabebaka buzito kidogo. Ni muzuri. Kuko batu banakuya hapa, hata kilo moja ya chumvi habayabeba.”

Nikamwambia kwamba nilitaka biceps. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyeletewa mgonjwa ambaye tayari ameshapitia kwa waganga wengine.

“Biceps iko ya foto,” akasema. “Avant-bras iko ya kula.”

Maana yake ilikuwa kwamba hakuna mtu aliyewahi kulishwa na misuli ya juu ya mkono. Anayelima anashika mpini. Anayeshuka mlima na chukudu, ile baiskeli ya mbao, imejaa viazi kutoka upande wa Kipese anazuia mzigo kwa viganja. Mwashi, mchinjaji, mama anayesonga ugali wa sufuria kubwa, wote wanakula kwa kigasha. Alikuwa na tabia ya kuwatazama watu hapo kabla ya kuwatazama usoni, hata mahali pasipofaa. Siku moja tulitoka kanisani pamoja, na mimi nikasifu mahubiri. Yeye akawa anawaza jambo lake.

“Padri mupya,” akasema, “unaona vile anainua kikombe? Inatetemeka. Ule mutoto hakulimaka.”

“Maître, na mahubiri?”

“Mahubiri ilikuwa muzuri. Mais ile kikombe iliniogopesha.”

Mtu mpya hakuruhusiwa kugusa chuma. Alianza kwa kukamua mablanketi. Mablanketi ya Butembo ni mazito, na yakilowa yanakuwa mazito kama mnyama. Mama Maître aliyafua nyuma ya nyumba, kisha wanafunzi wapya walisimama wawili wawili, kila mmoja akishika ncha, na kusokota hadi maji yaishe. Zoezi hilo lilijulikana mtaani upesi. Wanawake wa jirani wakaanza kuleta mablanketi yao, na salle ikawa inakamua nguo za avenue nzima bure. Maître alifurahi sana. Alisema hakuna mashine ya Ulaya inayofanya kazi kama ile.

Aliyekagua ni Mama Maître. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyekanda unga wa mandazi kila asubuhi na kuyauza barabarani kabla watoto hawajaenda shule. Nakumbuka siku tuliyomwita, mimi na mwenzangu mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, tukiwa tumechoka hadi vidole havihisi kitu.

“Munasema mulimaliza?” akauliza.

“Tulimaliza, Mama. Iko kavu.”

Akafunga ncha moja ya blanketi kwenye nguzo, akashika ya pili kwa mikono yake miwili, akasokota mara moja. Maji yakatoka, na wala hayakuwa matone. Yalimwagika hadi kwenye viatu vya mwalimu.

“Na hii sasa ni maji ya nani?” akauliza, kisha akarudi kwenye mandazi yake.

Maître alikuwa mlangoni ameona yote. “Njo munielewe,” akatuambia. “Pomba wa kwanza wa hii parcelle haiko miye.”

Pomba, kwa wasiojua, ni mtu wa misuli, anayesimama mlangoni penye sherehe ili wakorofi wasiingie. Maître alikuwa amefanya kazi hiyo ujanani na hakupenda kuizungumzia. Alisema tu kwamba katika miaka yote ya kusimama milangoni, aliowapiga ni wachache, na waliobaki aliwashika tu penye kiungo cha mkono mpaka hasira ikawaishia. Naliamini hilo. Nilimwona akiwafanyia hivyo vijana wawili waliogombana salle kwa sababu ya msichana. Aliwashika kila mmoja kwa mkono mmoja, akaendelea kutueleza habari za kula maharagi, na alipofika mwisho wa maelezo wale wawili walikuwa wameshasahau wanagombania nini.

Habari za maharagi zilikuwa ndefu. Maharagi, sombe ya majani ya muhogo, parachichi, samaki ikipatikana. Sukari ilikuwa adui. Alisema hivyo mbele ya watu, kisha akaenda jikoni akanywa chai iliyotiwa sukari hadi kijiko kinazama polepole. Alikuwa na mambo kama hayo kadhaa. Alihubiri uvumilivu, lakini hakuweza kupanga foleni. Kwenye kisima cha mtaa alimtuma mtu mwingine. Alipokea wasichana salle wakati wengine wakiwakataa, akawafundisha bila mzaha wala macho mabaya, lakini hakupenda watu wamwone mkewe amebeba bidoni la maji. “Batasema nini?” aliuliza. “Mutu wa avant-bras, na bibi njo anabeba?” Mama Maître alisubiri aondoke, akaenda zake na bidoni.

Na tena aliogopa sindano. Hilo tulilijua wakati wa Ebola, watu walipochanjwa mtaani kwetu. Alikuwa wa kwanza kuwahimiza vijana waende. Zamu yake ilipofika akageuza uso ukutani, jasho likamtoka katika baridi ile, akamwambia mkewe amshike mkono. Muuguzi alimwomba alegeze. Hakuweza. Mama Maître akamshika kiganja cha upande wa pili akakikaza hadi yeye akapiga kelele huko, na muuguzi akamchoma huku. Baadaye alituambia kwamba sindano haikumuuma hata kidogo, kilichomuuma ni ndoa.

Ni Ebola pia iliyoifanya salle yake iwe ilivyokuwa. Wakati ule kila mlango wa mji ulikuwa na ndoo ya maji ya klori ya kunawia. Maître, ambaye alipenda utaratibu, aliamuru kwamba hata vyuma vioshwe kwa maji hayo, kabla ya kila mtu na baada ya kila mtu. Uzito wetu ulikuwa wa saruji iliyomiminwa katika makopo ya maziwa ya unga, lakini vipini vilikuwa mabomba ya chuma, na mabomba yale alikuwa ameyakusanya moja moja kwa miaka mingi. Hakuna aliyeugua katika salle yetu. Ila klori ilikula chuma. Vipini vikaota kutu, kutu ikawa inachana viganja, na mwisho wake bomba moja likavunjika mtu akiwa amelishika.

Akavitupa vyote. Kwa fundi wa mbao akapata miti ya mikaratusi, akaichonga iwe mipini. Mti hauwezi kuwa mwembamba kama bomba, ungevunjika, kwa hiyo mipini mipya ilikuwa minene, vidole havikukutana ukiishika. Tulilalamika. Uzito tuliouzoea ukawa hautoki chini. Lakini baada ya miezi kadhaa mikono ya mashati ikaanza kutubana, na watu wa salle nyingine wakaja kuuliza tunakula nini. Kumbe mpini mnene unalazimisha mkono ufanye kazi yote ya kushika.

Wageni walipouliza, Maître alieleza kwamba alikuwa ameyafikiria hayo tangu zamani.

“Muongo,” Mama Maître akasema siku moja, akipita na karai la unga. “Siku chuma ilioza, hakukula. Alilala kitandani na viatu.”

“Nilikuwa nafikiri ile mambo ya muti.”

“Ulikuwa unafikiri utauza mandazi na miye.”

Mwalimu wa shule, yule aliyelowa viatu, ndiye aliyeuliza swali ambalo baadaye nimelikumbuka mara nyingi. Alikuwa mtu wa kupenda kujua. Alimwonyesha Maître kwamba mazoezi yote ya salle, mablanketi, mabidoni, mipini minene, kuning’inia kwenye boriti, yote yalikuwa ya kufunga mkono. Yalijenga upande wa chini wa kigasha, ulio laini. Akauliza habari za upande wa juu, wenye malaika ya nywele.

“Ile inajifuataka yenyewe,” Maître akajibu. “Ngombe ikienda, mukia inabakia nyuma?”

Tukacheka, na mwalimu naye akacheka. Jibu lilionekana limetosha.

Mama Maître alipougua, mkono wake mwanzoni ulilegea kabisa. Ulilala mapajani pake kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Mguu ulirudi upesi, na maneno yalirudi, mkono ulibaki. Mandazi yakakoma. Maître akapunguza saa za salle, akaanza kazi. Alitengeneza mpira wa matambara, kama ule wanaochezea watoto, akauweka kiganjani mwa mkewe, akafunika vidole vyake kwa vidole vyake mwenyewe, akasema, “Kamata.” Asubuhi walifanya hivyo, mchana, na magharibi. Alikuwa na subira ambayo sikuwahi kuiona kwake kwenye kisima.

Kisha vidole vikaanza kuitika. Siku moja alituita sote. “Mukuye muone,” akasema. Alimpa mkewe kipande cha mpini wa mikaratusi. Akakishika. Maître akavuta upande wa pili, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, na Mama Maître hakuachia. Tukapiga makofi. Kuna waliotokwa na machozi. Mimi nilikuwa karibu, na niliona kilichofuata: Maître aliinama akaviondoa vile vidole mwenyewe, kimoja kimoja, ili apate kuchukua mpini wake. Aliviondoa kwa upole sana, huku akitabasamu na kuongea na watu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mwenye mkono haviondoi.

Nguvu iliendelea kurudi, na mkono ukaendelea kufunga. Baada ya muda ulikuwa ngumi usiku na mchana. Kucha zilikuwa zinachimba kiganja, ikabidi wakunje kitambaa na kukiweka ndani. Maître aliongeza mazoezi. Kila aliyekuja kumsalimia mgonjwa alikuta soda na mandazi ya kununua mezani, na Mama Maître akisema kwa sauti yake ya chini, “Mukamate benyewe.” Kwetu huwezi kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto, ni kama kumtupia. Kwa hiyo mwanamke ambaye alilisha avenue nzima alikuwa sasa hampi mtu chochote. Alikaa na ngumi yake mapajani, akitazama watu wakijichukulia.

Binti yao anaishi Beni, ameolewa huko. Aliposikia hali ilivyo akaja kuwachukua, kwa sababu huko alijua kiné mmoja, yaani mtu wa kunyoosha viungo, aliyesaidia watu wenye ugonjwa kama ule. Maître hakutaka. Alisema mkono ule umebakiza kidogo tu. Mkewe akasema yeye anaenda. Basi akafunga salle, akaacha mipini yake ya mikaratusi ndani, akaenda naye.

Nilipata nafasi ya kwenda Beni kwa shughuli za duka, msimu wa mvua ulipokatika. Beni ni chini kuliko kwetu, na joto lake humshika mtu wa Butembo shingoni mara anaposhuka garini. Nyumba ya binti yao ilikuwa imejaa, maana ilikuwa imepokea pia jamaa waliokimbia vita na kuacha mashamba yao upande wa Mbau. Uani watu walikuwa wanachambua mchele, wanapika, wanaanika. Maître nilimkuta kwenye kigoda kifupi, mbele ya mkewe, kati yao kuna beseni la maji ya moto. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, limefungwa hadi kwenye kiungo cha mkono kwa kipande cha kamba.

“Weye muti ya fagio,” akasema aliponiona. “Ikala.”

Nikawasalimia, nikakaa. Mkono wa Mama Maître ulikuwa ndani ya maji, na wake chini yake. Hakuacha alichokuwa akifanya.

“Maître, huku kuko joto,” nikasema, nikitazama shati.

Mkewe ndiye aliyejibu.

“Anaona haya ya mikono yake. Anafikiri njo yenye ilinifunga mukono.”

“Sikusema vile,” Maître akasema.

“Hukusema. Ulishona shati.”

Akanieleza, akiongea na yale maji zaidi kuliko na mimi.

“Ule kiné ni mutoto wa kike. Anaenea mutoto wangu kwa miaka. Siku ya kwanza akaniuliza: Papa, munamufanyisha nini? Nikasema: kukamata. Akauliza: asubui na magaribi? Nikasema: na muchana. Nilifikiri atanipongeza. Akasema: Papa, muache. Muache leo.”

“Kwa nini?”

“Akanambia mukono iko na upande mbili. Ya chini inafunga, ya juu inafungua. Akasema: ugonjwa peke yake inapendaka kufunga, na ninyi mulisaidia ugonjwa. Mulilisha upande moja, ingine ikalala njala.” Akauinua mkono wa mkewe kidogo kutoka kwenye maji, akauangalia, akaurudisha. “Alisema polepole, na heshima. Hapana kunicheka. Ingekuwa muzuri kama alinicheka.”

Kwenye vidole vyake niliona pete nyeusi. Ilikuwa mikato ya mpira wa ndani wa baiskeli. Nikamuuliza ni ya nini.

“Ya kujifunza,” akasema. “Nilitaka nijue namna mutu anafunguaka. Nikajifungia mu chumba, nikavala hii ku bidole byote pamoja, nikajaribu kuitanua. Bidole bikatetemeka. Bya mutoto mudogo bina nguvu kupita byangu.”

“Nikamukuta,” Mama Maître akasema, “akaficha mikono nyuma kama mwenye ameiba sukari.”

Nilikaa hadi jua lilipoanza kuegemea, na katika muda ule niliona kazi ilivyokuwa ngumu kwake. Kukamata unaweza kumwamuru mtu. Unapiga kelele, unahesabu, unamtania, naye anaongeza nguvu. Kufungua hakukubali kelele. Kila alipoharakisha, ngumi ya mkewe ilikaza zaidi. Alipaswa kuanza na kidole gumba, kukipeleka nje polepole kama mtu anayefungua mlango ambao nyuma yake kuna mtoto amelala, kisha kungoja. Kungoja ndiko kulikomshinda. Nilimwona akiuma mdomo. Nilimwona mara mbili akianza kusema kitu na kukimeza. Kiné alikuwa amempa amri moja tu, na aliirudia mwenyewe kwa sauti ya chini kila mara vidole vyake vilipotaka kuvuta: “Usivute. Usivute.”

“Na akiambiwa afungue peke yake?” nikauliza.

“Kwa maji, kidogo,” Maître akasema. “Kwa inje, bado. Kiné anasema inaweza kuja, inaweza kukataa. Alisema vile mbele yake, na miye nikiwa pale.”

“Nilisikia,” Mama Maître akasema. “Masikio haiko njo iligonjwa.”

Niliposimama kuaga, Mama Maître akaniambia ningoje. Akamwita binti yake, akamwambia alete kuku, jogoo dogo jekundu lililokuwa likizurura jikoni. Nikakataa, kama inavyopasa. Akanitazama tu, nikakubali. Mgeni aliyetoka Butembo hawezi kurudi mikono mitupu, hata nyumba ikiwa na wakimbizi kila chumba. Binti akaja na jogoo na kipande cha kamba ya mgomba ili amfunge miguu.

“Kamba ya nini?” mama yake akamuuliza. “Huu mukono ikikamata, kuku itaenda wapi?”

Binti akacheka, lakini akamtazama baba yake. Maître alikuwa ameacha kupangusa mikono. Mama Maître akachukua jogoo kwa mkono wa kushoto, akaiingiza miguu yake katika ngumi ya kuume, ngumi ikaishika. Kisha akainuka, akautuliza mkono wa kushoto juu ya kigasha cha kuume, kama mtu mwenye adabu anavyompa mwenzake kitu, akaninyooshea.

“Wasingya,” akaniambia kwa Kinande, asante ya kututembelea. “Kamata.”

Nikaweka viganja vyangu viwili chini, wazi, kama wanavyopokea komunyo. Ngumi haikufunguka. Jogoo akapiga mabawa, akatulia, akapiga tena. Wale jamaa waliokuwa wanachambua mchele wakasimamisha mikono. Binti akapiga hatua.

“Muache,” Maître akamwambia, akiwa bado kwenye kigoda. Kisha, kwangu, kwa sauti ile ya salle ambayo sikuwa nimeisikia siku nzima: “Usivute.”

Sikuvuta. Tukangoja. Sijui ni muda gani. Mama Maître hakuwa anamtazama jogoo wala mimi. Alikuwa ameinamisha uso akiutazama mkono wake kama anayesikiliza mtu akiongea chumba cha pili. Nami nilikuwa karibu kutosha kuona, kwenye upande wa juu wa kigasha chake, pembeni ya vidole vya mkono wa kushoto, kitu chembamba kikisogea chini ya ngozi, kikalala, kikasogea tena kama uzi unaojaribiwa. Kidole gumba kikatoka kwanza. Kikakaa nje peke yake. Kidole cha pili kikakifuata, kisha cha katikati, na vile viwili vya mwisho vikaachia pamoja.

Jogoo akaanguka, akapita juu ya viganja vyangu, akamwaga nusu ya maji ya beseni, akatoka mbio kuelekea shamba la mihogo la jirani.

“Kuku inaenda,” mtu mmoja akasema.

Hakuna aliyemfuata. Mama Maître alikuwa bado amenyoosha mkono, vidole vyake vitano vimesimama mbalimbali, na sisi wote tulikuwa tunautazama.